Ukwapi na Utao katika Daftari la Seva

Tuchukue mstari mmoja tu wa daftari la seva ya duka la mtandaoni, ulioandikwa kwa muundo uliozoeleka wa Apache. Unaanza na anwani ya IP, vinafuata vistari viwili vya nafasi zilizoachwa wazi, kisha saa na tarehe ndani ya mabano ya mraba, ombi la mgeni, tarakimu za matokeo kama 200 au 404, ukubwa wa jibu kwa baiti, na mwishoni, ndani ya alama za nukuu, ukurasa alikotoka mgeni na jina la programu aliyokuja nayo. Kitenzi ni kimoja, GET, nacho kimesimama katikati kama mhimili wa nyumba.

Aliyezoea tungo za mizani ataona hapa ukwapi na utao, kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo. Ukwapi ni ushuhuda wa seva: nani amebisha hodi, na saa ngapi. Utao, yaani zile nukuu mbili za mwisho, ni kauli ya mgeni mwenyewe, iliyonakiliwa bila kuhakikiwa. Upotofu wa takwimu za wageni huanzia kwenye mshono huu, pale msomaji anapoupa utao uzito wa ukwapi. Neno Mozilla, urithi wa kivinjari cha Netscape cha miaka ya 1990, hufungua utambulisho wa karibu kila kivinjari cha leo, na roboti ya Google nayo hujitambulisha kwa neno hilohilo. Ni fomula ya utanzu, kama paukwa na pakawa: hutuambia ni masimulizi ya aina gani, haituthibitishii ukweli wake. Ndiyo maana anayedai kuwa Googlebot huhakikiwa kwa kurudi kwenye ukwapi: anwani yake inaulizwa ni ya kikoa gani, kisha kikoa hicho kinaulizwa kama kinaitambua anwani ileile.

Hata hivyo, roboti iliyofichwa kwa ustadi haifichuliwi na mshororo mmoja. Hufichuliwa na ubeti. Mnunuzi hufungua ukurasa wa kitenge, picha zake zinapakuliwa, anasita, anarudi nyuma, analinganisha bei. Roboti nyingi huchukua maandishi na kuziacha picha, hupita bidhaa kwa mfuatano wa namba, na kati ya ombi na ombi huweka sekunde zilezile. Urari huo kamili, ambao katika shairi ni sifa, hapa ndio unaozisaliti.

Athari ya roboti kuhesabiwa kama wageni ni ya hesabu. Tuseme ziara ni 1,000 na oda ni 20: duka linauza kwa asilimia 2. Ziara 600 zikithibitika kuwa za roboti, kiwango halisi ni asilimia 5, na ukurasa uliokaribia kubadilishwa kwa kudhaniwa mbovu haukuwa na kasoro.

Google Analytics 4, programu ya Google ya takwimu za ziara, huziondoa roboti zinazojulikana bila kuombwa, lakini haionyeshi imeondoa ngapi. Kwangu huo ni uhariri wenye dosari, kwa kuwa mhariri mwema huacha alama mahali alipokata. Naona afadhali daftari la seva lihifadhiwe zima, mistari inayoshukiwa ipigwe chapa pembeni, na hesabu ifanywe mara mbili, pamoja nayo na bila yake, ili tofauti ya majibu hayo nayo isomwe.