Usemi Pungufu na Kipimo Chake katika The Remains of the Day

Mwanafunzi wa fasihi huitambua chuku upesi kwa sababu hujitangaza. Kinyume chake, yaani kulitaja jambo kwa kiwango kilicho chini ya uzito wake, ni rahisi kumpita. Katika makala haya tutakiita kinyume hicho usemi pungufu. Usemi huu si tafsida. Tafsida hubadilisha neno ili kumsitiri msikilizaji. Usemi pungufu hupunguza kipimo cha jambo na kumwachia msikilizaji kazi ya kukirejesha. Mwingereza ambaye nyumba yake inateketea anaposema kuwa amepata tatizo dogo, anatarajia kwamba msikilizaji anauona moto.

Je, hutokea nini pale msemaji anapojificha nyuma ya kipimo hicho? Kazuo Ishiguro analishughulikia swali hili katika The Remains of the Day, riwaya iliyopata tuzo ya Booker mwaka 1989. Msimulizi, Stevens, ni mtumishi mkuu wa jumba la Darlington Hall. Mwaka 1956 anasafiri kwa gari kwenda kumwona Miss Kenton, aliyefanya kazi naye jumbani humo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mapema katika safari hiyo, Stevens anaisifu mandhari ya Uingereza kwa kutojionyesha, na kuiona ya Afrika na Marekani kuwa duni kwa kujionyesha mno. Msomaji wa Kiafrika asiharakishe kukasirika. Anayedai ukuu kwa sababu ya utulivu wake tayari amekwisha kujigamba. Kinaya ni kwamba usemi pungufu umezaa chuku.

Tukio la mwaka 1923 linakwenda mbali zaidi. Baba yake Stevens anafariki ghorofani huku yeye akiendelea kuwahudumia wageni wa mkutano. Stevens hatuambii kwamba analia. Tunalijua hilo Lord Darlington anapomwuliza, naye anasingizia uchovu wa kazi. Maneno ya msimulizi yamepungua, lakini kipimo tumepewa na kinywa cha mwingine.

Hata hivyo, hatukubaliani na usomaji unaomfanya Stevens kuwa shujaa wa subira. Katika miaka ya 1930, bwana wake anapoamuru watumishi wawili wa kike waachishwe kazi kwa kuwa ni Wayahudi, Stevens anamwarifu Miss Kenton kwa sauti ileile ya shughuli za kila siku. Hapa usemi pungufu hausitiri huzuni tena, bali unasitiri hatia.

Mwishoni, Miss Kenton anakiri kuwa huwaza maisha ambayo wangeishi pamoja. Stevens anatufichulia sisi wasomaji kwamba moyo wake ulikuwa ukipasuka kwa uchungu. Ungamo hilo fupi linapata nguvu kutokana na yote aliyoyanyamazia awali. Lakini Miss Kenton mwenyewe anapewa tabasamu na jibu la adabu tu.

Kwa hivyo, anayetaka kuitumia mbinu hii asidhani kuwa kupunguza maneno kunatosha. Sharti ushahidi wa uzito wa jambo uwepo karibu, katika tendo au katika maneno ya mhusika mwingine. Ushahidi huo ukikosekana, msomaji hana cha kurejesha, na usemi pungufu hugeuka kuwa kimya.