Risasi ya Chumba cha Eksirei Husafishwaje?

Nyuma ya plasta ya chumba cha eksirei mara nyingi kuna bamba la risasi la milimita 2, lenye uzito wa kilo 23 hivi kwa kila mita ya mraba. Zaidi ya nusu ya risasi inayozalishwa duniani leo hutokana na bidhaa chakavu, hasa betri za magari. Inapotoka tanuruni huwa imechanganyika na shaba, antimoni, arseniki na bati.

Husafishwa katika masufuria makubwa ya chuma. Hutangulia kutolewa shaba: risasi huachwa ipoe hadi karibu na nyuzi 327, joto inaloyeyukia, na shaba hujitenga, ikaelea na kuenguliwa. Inayobaki hunaswa kwa salfa. Kisha hutiwa soda kali na chumvi ya naitreti, nazo hubeba antimoni, arseniki na bati hadi juu. Ikiwa kuna fedha, huongezwa zinki inayoivuta, njia aliyoibuni Mwingereza Alexander Parkes mwaka 1850.

Kazi yote hiyo haiongezi sana uwezo wa kuzuia mionzi. Mionzi huzuiwa na atomi nzito za risasi na unene wa bamba. Antimoni kidogo haibadilishi mengi. Anayefaidika ni fundi. Antimoni huikaza risasi, ilhali yeye anataka bamba laini, lenye unene ule ule kote, linalokunjika kwenye pembe na kupishana kwenye viungo bila kupasuka. Mionzi hupenya palipoachwa mwanya, hata ukuta uliobaki ukiwa imara kiasi gani.

Wala usafi wa kupindukia haufai. Risasi tupu hulegea kwa uzito wake yenyewe, ikashuka polepole ukutani. Kwa sababu hiyo kiwango cha Ulaya cha mabamba ya ujenzi, EN 12588, hutaka shaba ya asilimia 0.03 hadi 0.06 ibaki humo.

Takataka zilizoenguliwa nazo zina pa kwenda, na uyeyushaji usiodhibitiwa huwadhuru majirani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilifungwa mwaka 2014, sumu ikiwa imekwisha kuingia katika damu ya watoto. Hospitali inayonunua mabamba idai vyeti viwili: cha unene wake, na cha mahali risasi ilikosafishiwa. Ukuta unaomkinga mgonjwa haupaswi kumdhuru mtoto wa jirani wa kiwanda.