Nani Ameshika Kitufe? Wimbo wa Safari Kati ya Ziwa Kivu na Barabara ya Rugerero

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kuzipanga nyimbo kwa shughuli zake. Wawe ni za wakulima, hodiya ni za kazi za mikono, kimai ni za mabaharia na wavuvi, bembezi ni za kumlaza mtoto. Mpango huu una busara ndani yake, kwa sababu unakubali kwamba wimbo na kazi ni ndugu. Tatizo linakuja baadaye, tunapoketi kuhakiki. Tunaandika maneno ya wimbo kwenye karatasi, tunatafuta takriri, tashihisi na sitiari, kisha tunataja dhamira tatu na mafunzo mawili. Jembe, kasia na kitanda cha mtoto vimeshasahaulika. Ninadai katika makala haya kwamba, kwa wimbo unaosafiri, uhakiki wa namna hiyo unaacha nje swali la kwanza: nani ana uwezo wa kuuanzisha wimbo huo, na nani ana uwezo wa kuusimamisha?

Rugerero ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Sekta hii ya Wilaya ya Rubavu imekaa kwenye barabara itokayo Gisenyi kupanda Musanze hadi Kigali. Ziwa Kivu liko chini kidogo, Goma iko ng'ambo ya mpaka, na mlima Nyiragongo unaonekana siku ambayo mawingu yameruhusu. Nyimbo za Kinyarwanda, Kiswahili na Kilingala hupita hapa kila siku, na karibu zote hupita zikiwa zimepanda chombo fulani.

Tuanze na chombo cha majini. Jioni wavuvi wa sambaza huondoka ufukweni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma, taa zikingoja giza. Wanapopiga makasia huimba. Kinyarwanda kina jina la nyimbo za wapiga makasia: amasare. Mmoja hutoa mstari, wenzake humpokea, na kasia huingia majini pale pokeo linapoanguka. Kwa maneno yake tu, wimbo kama huu unaweza kuonekana mwepisi, tena wenye marudio mengi ya kuchosha. Lakini takriri hiyo ambayo sisi huipa alama moja kwenye mtihani kama "mbinu ya kusisitiza" haisisitizi kitu. Inahesabu. Bila hiyo mitumbwi mitatu haiwezi kwenda kama mmoja. Mwimbishaji akiona wenzake wamechoka, hupunguza kasi; upepo ukibadilika, wimbo nao hubadilika. Na wapokeaji wakinyamaza, mwimbishaji hana wimbo. Uwezo wa kuanzisha uko kwa mmoja, uwezo wa kusimamisha uko kwa wote.

Tena tusiharakishe kuziita nyimbo hizi "za jadi" na kuzifungia makumbusho. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hivyo uvuvi wao hapa hauwezi kuzidi umri wa babu zetu. Wimbo wa makasia ulikuwepo, ukapata kazi mpya, ukaifanya. Hiyo ndiyo dalili ya fasihi iliyo hai.

Sasa tupande barabarani. Ndani ya basi, au ndani ya twegerane ambayo jina lake lenyewe linatuambia tusogeleane, muziki hauongozi mkono wa mtu. Gari lina kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa, na wimbo uwe wa haraka au wa polepole, kona za kupanda mlima zitapitwa kwa mwendo uleule. Anayechagua ni dereva. Abiria thelathini wanasikia, kitufe kimoja kinaamua.

Hata hivyo nisingependa kusema kwamba abiria hapati kitu. Chukua muziki wa Samba Mapangala na Orchestre Virunga. Mapangala alizaliwa Matadi, karibu na Bahari ya Atlantiki, akapitia Uganda, akatua Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaunda bendi yenye jina la milima hii tunayoiona kutoka Rugerero. Aliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili. Mhakiki wa maneno matupu atasema kwamba mzee wa Rugerero asiyejua Kilingala hana anachofaidi katika nusu ya nyimbo hizo. Lakini mtazame mzee huyo garini. Rumba ya Kongo huanza taratibu, mwimbaji akisimulia shida yake, kisha magitaa hushika sebene na sauti za waimbaji hurudi nyuma. Msafiri naye huanza hivyohivyo: kwanza anafikiria alichokiacha nyumbani, deni, mgonjwa, mtoto aliyebaki kwa jirani, baadaye barabara inamchukua na mawazo yanalegea. Umbo la wimbo limeungana na umbo la safari. Hiyo ni maana, ingawa haimo katika neno lolote la kufasiriwa.

Kwa hiyo wimbo wa garini si adui wa wimbo wa mtumbwini. Tofauti iko kwenye madaraka, na kuna majira ambapo tofauti hiyo inaonekana wazi. Kila mwaka tarehe 7 Aprili tunaanza juma la maombolezo ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Muziki wa starehe hunyamaza katika baa na katika magari, na redio hutoa nyimbo za kumbukumbu. Barabara ni ileile, kiti ni kilekile, lakini safari si ileile. Anayepita karibu na mahali walipouawa wazazi wake hahitaji mtu amchangamshe. Katika juma hilo jamii nzima ndiyo imeshika kitufe, nao ukimya unakuwa sehemu ya utendaji. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi vinazungumzia sauti, ishara na mavazi ya fanani. Ni mara chache vinazungumzia uamuzi wa kutoimba.

Historia ya eneo letu ina mfano mzito zaidi, nao ndio ulionifanya niandike. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu, mzaliwa wa iliyokuwa Prefektura ya Gisenyi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15, na rufaa ya mwaka 2010 haikubadili adhabu hiyo. Wengi hudhani alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake. Mahakama iliona kwamba nyimbo hizo zilitumika katika propaganda ya chuki, lakini zilitungwa kabla ya mwaka 1994, mwaka ambao mahakama ilipewa mamlaka ya kuuchunguza. Kilichomtia hatiani ni safari. Mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, alikuwa katika msafara wa Interahamwe, magari yakipiga nyimbo kwa kipaza sauti, naye akakitumia kipaza sauti hicho kuwahimiza watu waue Watutsi.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunaweza kuzisoma nyimbo zile mstari kwa mstari na kubishana juu ya mafumbo yake hadi usiku. Ubishi huo una faida yake. Ila tukiishia hapo, hatutaiona barabara. Hatutamwona mtu aliyejificha nyumba ya tatu, ambaye hakuchagua wimbo, hakuweza kuupokea wala kuunyamazisha, na ambaye kwake sauti ile inayokaribia ilikuwa habari ya kifo kabla ya neno lolote kueleweka. Pale kipaza sauti kilipokuwa mkononi mwa mmoja, wasikilizaji hawakuwa hadhira kwa maana tunayoifundishwa darasani.

Wapo wenzangu wanaonijibu kwamba njia hii itatutoa kwenye fasihi na kutupeleka kwenye sosholojia. Mhakiki, wanasema, kazi yake ni lugha. Ninakubali kwamba lugha ni mlango wetu. Lakini walimu wetu hao hao wametufundisha kwamba fasihi simulizi huishi katika utendaji, na utendaji una mahali, una chombo na una mamlaka. Anayehakiki amasare bila kasia ameacha nje mizani ya wimbo wenyewe. Hilo ni kosa la kifasihi kabisa.

Siku hizi abiria wengi huvaa spika za masikioni. Kila mmoja ameshika kitufe chake, na dereva anajipigia peke yake. Ni uhuru, nami naufurahia ninapokwenda Kigali. Lakini tumepata uwezo wa kuzima bila kupata uwezo wa kupokeana, ule waliokuwa nao wapiga makasia. Gari limejaa nyimbo thelathini na hakuna pokeo hata moja.

Napendekeza basi jambo dogo kwa yeyote anayekwenda kukusanya nyimbo kwa ajili ya tasnifu yake. Chini ya maneno ya wimbo aongeze mistari minne: ulisikika ndani ya chombo gani, nani aliuanzisha, nani angeweza kuusimamisha, na je, aliyesikia alikuwa na nafasi ya kuupokea? Majibu yake yatajaza nusu ukurasa tu. Bila nusu ukurasa huo, sidhani kama tunaweza kusema tumeuhakiki wimbo wa safari.