Anayechaguliwa Huzama: Uhakiki wa Graphviz katika Uchoraji wa Machaguo ya Wenzi wa Kazi

Makala hii inahakiki matumizi ya Graphviz, programu huria iliyoanzia katika maabara za AT&T nchini Marekani, katika kuchora nani angependa kufanya kazi na nani. Kazi yenyewe imeitangulia kompyuta. Kitabu cha Jacob Moreno cha mwaka 1934 kina michoro ya wasichana wa shule ya Hudson, New York: kila msichana duara, kila chaguo mstari. Leo mtafiti huandika jina, mshale, jina katika faili la matini, hutoa amri moja, na picha hutokea.

Wepesi huo una manufaa. Faili husomeka, hurekebishika, na mtafiti mwingine anaweza kuurudia mchoro ule ule. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni mahali picha inapomweka mtu. Amri ya dot, isipoelekezwa vinginevyo, hupanga vifundo kwa ngazi na kuishusha mishale kutoka juu kwenda chini. Basi anayechagua bila kuchaguliwa hukaa juu, na anayechaguliwa na wengi huelekea kuzama. Msomaji aliyezoea chati ya muundo wa taasisi, mkurugenzi kileleni, ataisoma picha hiyo kinyume: mpweke ataonekana kiongozi. Amri ya neato, kwa data zile zile, huwakaribisha waliounganishwa bila kujali mshale unaelekea wapi. Mshauri wa sera anayekabidhiwa picha moja tu hana namna ya kujua kwamba nyingine ingewezekana.

Liko zito zaidi. Asiyechagua wala kuchaguliwa hana mshale; jina lake lisipoandikwa peke yake katika faili, hasukumwi pembeni mwa picha, bali hayumo kabisa. Na huyo, kwa mpangaji wa vikundi, ndiye wa kwanza kutafutwa.

Wala kosa halianzii kwenye kompyuta. Hojaji inayouliza "Ungependa kufanya kazi na nani?" hupata jina moja kwa huyu na manne kwa yule, kwa kuwa *nani* haibainishi umoja wala wingi, *akina nani* ingeuliza jambo jingine. Kisha tofauti hiyo ya sarufi huchorwa kama tofauti ya tabia. Kwa upande mwingine, Kiswahili hutenganisha *kuchagua* na *kuchaguana*, ilhali dot huchora machaguo ya pande mbili kwa mishale miwili isiyotofautiana na mingine. (Rangi inaweza kuongezwa, lakini ni wangapi huiongeza?)

Kwa sasa ningetaka ripoti zitaje swali kama lilivyoulizwa, ziorodheshe washiriki wote kabla ya mshale wa kwanza, zitumie rankdir=BT ili anayechaguliwa apande, na ziweke picha ya neato ukurasa wa pili. Majina halisi yabaki kwa mtafiti.