Weusi, Weupe na Uso wa Mwuza Nyanya

Fikiri picha ya mwuza nyanya wa Ilula, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, amesimama na matenga yake katika jua la adhuhuri. Kijana aliyeanza karibuni kuhariri picha kwa simu ameondoa rangi, akakoleza weusi mpaka ukafika mwisho, akang'arisha weupe mpaka ukaumiza jicho. Watazamaji wasifu. Sifa hiyo yafaa kupimwa, kwa kuwa katika picha hiyo kofia yaonekana, shati laonekana, hata fito za tenga zahesabika, ila uso wa mwenye mali haumo.

Kosa halianzi pale mkono unapokoleza. Huanza kabla yake, rangi inapoondolewa. Anayeanza hudhani kwamba kuondoa rangi ni kufuta tu, kama mtu afutavyo vumbi juu ya meza. Sivyo, ni kutoa hukumu. Kila nukta ya picha ina vipimo vitatu, vya wekundu, ukijani na ubuluu, kila kimoja kutoka 0 mpaka 255, na programu hulazimika kuvigeuza kuwa kipimo kimoja cha kijivu. Kwa kanuni moja ya zamani iliyotokana na televisheni, wekundu huhesabiwa karibu sehemu 30 katika mia, ukijani 59, na ubuluu 11. Basi nyanya mbivu yenye wekundu 200, ukijani 40 na ubuluu 30 huwa kijivu cha 87. Na jani lake lenye 60, 110 na 40 huwa kijivu cha 87 vile vile. Vitu viwili ambavyo mtoto wa Ilula hawezi kuvichanganya vimekuwa kimoja. Baada ya hapo kukoleza hakufai kitu, maana vipimo vilivyo sawa hubaki sawa, vivutwe vyovyote. Dawa ni kuupa wekundu uzito zaidi kwanza: nyanya zitang'aa, majani yatakuwa meusi. Wapiga picha wa filamu walilijua jambo hili, wakaweka kioo chekundu mbele ya lenzi.

Hukumu iyo hiyo huupata uso. Ngozi nyeusi hurudisha nuru nyekundu zaidi kuliko ya buluu. Programu ikiupa ubuluu uzito, uso huzimika kabla haujakolezwa. Hapa pana historia ambayo mwanafunzi wa sanaa hii hana budi kuikumbuka. Katika njia hiyo hiyo, kati ya Ilula na mji wa Iringa, iko Lugalo, ambapo Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Vioo vya picha vilivyotumika sana zama zile havikuona wekundu, au viliuona kidogo mno. Kwa hiyo nyuso za Waafrika zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa machoni pa watu. Simu ya leo huuona wekundu vizuri. Kijana anayeuzima uso wa mwuza nyanya, ati apate sanaa, anafanya kwa hiari yale ambayo kioo kilifanya kwa upofu.

Walakini si haki kuulaani mkazo wenyewe. Jua la nyanda za juu ni kali, na vivuli vyake vyastahili kuwa vikali. Ansel Adams wa Marekani, aliyeigawa picha katika daraja 11 tangu weusi mtupu hadi weupe mtupu, aliyapenda sana matumizi ya ncha zote mbili. Lakini ngozi nyeusi aliiweka katika daraja la kati, mahali penye nafasi ya kuonyesha kunyanzi, jasho na mng'ao wa kipaji. Basi weusi na ukae chini ya tenga na ndani ya ukunjo wa shati, weupe na ukae juu ya lami iliyopigwa na jua, na uso uachiwe majivu yake. Tena nakala ya kwanza ihifadhiwe kando bila kuguswa: kivuli kikishashushwa hadi 0 na picha ikahifadhiwa hivyo, jicho lililokuwa chini ya kofia halirudishwi na programu yoyote.