Hukumu za Sikio la Kwanza: Albamu ya i/o ya Peter Gabriel na Wasikilizaji Wake

Husemwa mara kwa mara katika uhakiki wa fasihi simulizi kwamba hadhira ni sehemu ya kazi ya sanaa, wala si chombo cha kupokelea tu. Kauli hii hukubaliwa bila ubishi inapozungumziwa ngoma, hadithi za jioni au malumbano ya washairi. Ni nadra kupimwa kwa sanaa iliyopikwa studioni, ikatiwa katika kasha na kuuzwa dukani. Albamu iitwayo i/o ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, iliyotoka tarehe 1 Desemba 2023, inatoa nafasi ya kufanya kipimo hicho. Wasikilizaji wake walipewa kazi moja katika sura tatu, na hukumu walizozitoa waliposikia mara ya kwanza zinafichua mengi juu ya namna wimbo unavyosikilizwa siku hizi, hata na watu wanaoielewa lugha yake vizuri.

Gabriel alizaliwa mwaka 1950, akaondoka katika bendi ya Genesis mwaka 1975, na tangu hapo amekuwa msanii wa kujitegemea. i/o ilikuwa albamu yake ya kwanza ya nyimbo mpya alizozitunga mwenyewe tangu Up ya mwaka 2002. Mashabiki, basi, walikuwa wamengoja miaka 21, na msanii aliyewarudia alikuwa mzee wa miaka 73. Jina la albamu ni herufi mbili zinazosimamia kuingia na kutoka, kama zinavyoandikwa nyuma ya vyombo vya umeme. Nyimbo ni 12. Kila mmoja ulichanganywa sauti na mafundi watatu tofauti: Mark Stent, ambaye kazi yake iliitwa Bright-Side Mix, Tchad Blake, aliyetengeneza Dark-Side Mix, na Hans-Martin Buff, aliyetengeneza In-Side Mix. Kwa wepesi michanganyo hiyo itaitwa hapa wa Mwangaza, wa Giza na wa Ndani. Miwili ya kwanza ni ya njia mbili za sauti, kushoto na kulia, kama ilivyo santuri yoyote ya kawaida. Wa tatu umetengenezwa kwa utaratibu wa Dolby Atmos, ambao huiwezesha kila sauti kupewa mahali pake mbele, ubavuni, nyuma, au hata juu ya kichwa cha msikilizaji. Toleo la kifahari lilikuwa na diski mbili za kawaida pamoja na diski ya Blu-ray iliyobeba mchanganyo huo wa Ndani.

Namna albamu ilivyotolewa ina uzito wake. Wimbo wa kwanza, Panopticom, ulitolewa mwezi ulipopevuka tarehe 6 Januari 2023, na wa mwisho, Live and Let Live, tarehe 27 Novemba. Kwa kuwa Agosti ya mwaka huo ilikuwa na miezi mipevu miwili, nyimbo zote 12 zilienea katika miezi 11 ya kalenda. Mwezi ulipopevuka wimbo ulitoka kwa mchanganyo mmoja, mwezi ulipoanza upya ukatoka kwa mwingine, na ule wa tatu ukaja kwa wakati wake. Kwa watu wa pwani, ambao saumu na Maulidi yao huhesabiwa kwa kuandama kwa mwezi, kuhesabu siku hivyo si jambo la ajabu. Kwa soko la muziki la Uingereza na Marekani lilikuwa jambo geni kidogo, na lilikuwa na tokeo ambalo halikutiliwa maanani vya kutosha: toleo la kifahari lilipofika mikononi mwa watu, hukumu ya kwanza ilikuwa imekwisha kutolewa mara 12. Msikilizaji alifungua kasha akiwa amekwisha kuchagua upande.

Ndiyo maana swali lililotawala mazungumzo ya mashabiki lilikuwa ni mchanganyo gani ulio bora. Wako waliousifu wa Mwangaza kwa uwazi wake, wako walioupenda wa Giza kwa uzito wake wa chini, na wengi walilalamika kwamba tofauti baina ya miwili hiyo ni ndogo mno hata haistahili kununuliwa mara mbili. Gabriel mwenyewe aliwalinganisha mafundi hao na mchoraji na mchongaji: Stent ndiye mchoraji, Blake ndiye mchongaji. Ulinganisho huu una manufaa kuliko wanavyoudhania wale waliouona kuwa maneno ya biashara, kwa sababu mchoro na kinyago cha mtu mmoja haviulizwi kipi ni sahihi.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanalifahamu swali hili kwa sura nyingine. Al-Inkishafi imetufikia kwa miswada inayotofautiana kwa idadi na kwa mpangilio wa beti, na wahariri wake, tangu Hichens mwaka 1939 hadi Allen mwaka 1977, walilazimika kuamua kipi kichapwe na kipi kiachwe. Uamuzi huo una msingi, kwa kuwa wanakili hukosea, husahau, na mara nyingine hupenda kuongeza cha kwao. Lakini hapa hakuna mnakili. Mtunzi yu hai, amezipitisha sura zote tatu kwa mkono wake, na amekataa makusudi kuchagua. Kutafuta matini moja sahihi ndani ya i/o ni kumlazimisha mtunzi afanye kazi aliyokwisha kuikataa. Swali lifaalo ni lile ambalo mtafiti wa fasihi simulizi humwuliza fanani aliyeisimulia hadithi moja usiku mara tatu: katika kila mara, ni nini kilichobadilika katika uhusiano wake na wanaomsikiliza?

Kwa michanganyo ya Mwangaza na Giza jibu ni fupi. Mwimbaji yuko mbele, msikilizaji yuko mbele yake, na umbali baina yao hupungua au huongezeka. Mchanganyo wa Ndani ndio unaovunja utaratibu, na hukumu za mwanzo juu yake zina tabia moja ya pekee: karibu zote ni hukumu za mahali. Ala fulani imetoka wapi, kwaya imekaa upande gani, ni nini kilichopita juu ya kichwa, sauti ya mwimbaji imetulia au inaelea. Wimbo wenye jina la albamu una waimbaji wa Soweto Gospel Choir. Katika njia mbili za sauti kwaya haina budi kutoka upande ule ule wa mbele anakotoka mwimbaji, ilhali Atmos inaweza kuwatawanya waimbaji mpaka msikilizaji ajione kama mmoja wao. Mashabiki walisimulia mambo kama haya kwa furaha ya mtu aliyeingia nyumba mpya na kuzunguka vyumba vyote kabla ya kuketi. Maneno ya nyimbo hayakutajwa sana.

Isifikiriwe kwamba kusikiliza mahali ni ulimbukeni. Mpigaji nyatiti wa Kijaluo huketi chini karibu na ala yake. Nyuzi zinalia penye vidole, pete ya chuma iliyovikwa kidole cha mguu inagonga ubao, njuga za gara zinaitikia, na sauti ya mwimbaji inatoka juu ya hayo yote. Mtu mmoja tayari ni sauti za pande nyingi, na msikilizaji mzoefu hujua kila moja inatoka wapi. Ayub Ogada alipoirekodi nyatiti yake kwa ajili ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa mwaka 1993 na Real World, kampuni ya santuri iliyoanzishwa na Gabriel mwenyewe, uhusiano huo wa karibu baina ya mwili na ala haukupotea. Kwa hiyo fani ya mahali ina historia ndefu kuliko mashine.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Katika ngoma, sauti iko katikati na watu wameizunguka. Kila aliyesimama katika duara anasikia kwa namna yake, wa karibu na wa mbali, na duara lenyewe linajibu. Katika chumba cha Atmos mambo yamegeuzwa: sauti zimezunguka, na katikati ameketi mtu. Utaratibu wa spika unaotumika sana kwa kazi hii una spika 12: saba kuzunguka, moja ya sauti nzito za chini, na nne za juu. Zote zinaelekezwa mahali pamoja, kwenye kiti kimoja, na anayekaa kando ya kiti hicho anapata pungufu. Anayetumia spika za masikioni hupata mfano wa hali hiyo, lakini yeye pia husikiliza peke yake. Hadhira imekuwa mtu mmoja, na mtu huyo amepewa kiti cha enzi.

Hapa ndipo wimbo wa kwanza wa albamu unapopata maana ambayo hukumu nyingi za mwanzo zilipita kando yake. Jina Panopticom limechukuliwa, kwa kubadilisha herufi ya mwisho, kutoka gereza alilolibuni Jeremy Bentham mwishoni mwa karne ya 18: vyumba vya wafungwa vimepangwa kwa duara, na katikati upo mnara ambamo mlinzi huwaona wote bila wao kujua kama wanatazamwa. Gabriel analigeuza wazo hilo. Anawaza chombo ambacho kwacho watu wa kawaida watawatazama wenye mamlaka. Ni dhamira ya kisiasa, na inalingana na kazi ya msanii aliyeshiriki mwaka 1992 kuanzisha shirika la Witness, linalowasaidia raia kutumia kamera kuonyesha dhuluma. Lakini msikilizaji wa mchanganyo wa Ndani ameketi wapi wimbo huu unapopigwa? Ameketi katikati, pale pale Bentham alipomweka mlinzi, huku kila sauti ikiletwa kwake kutoka pembeni. Fani inasema neno ambalo maudhui yanalipinga. Inawezekana Gabriel na Buff hawakulikusudia hilo. Makusudio ya msanii hayawezi kuufuta mgongano huu, nao ni wa maana zaidi kuliko ubishi wote wa Mwangaza na Giza. Shabiki aliyeshangilia kwamba sasa yumo ndani ya wimbo hakujiuliza yumo ndani kama nani.

Linafuata suala la uwezo. Kiti hiki kina gharama. Kusikiliza diski ya Blu-ray kama ilivyokusudiwa kunahitaji chumba, mashine na spika ambazo mishahara ya watu wengi haiziwezi, hata huko Ulaya. Hukumu za mwanzo zilizosikika kwa nguvu zaidi zilikuwa za wale wenye vyumba hivyo, na wengine walinyamaza au walisema kwa haya kwamba wamesikia kwa njia mbili tu. Tabaka, kwa maneno mengine, limeingia katika sikio. Mnamo Februari 2025 tuzo za Grammy zilikamilisha utenganisho huo, kwani i/o ilipata tuzo ya ufundi wa kurekodi, na mchanganyo wa Ndani ukapata tuzo yake yenyewe katika fungu la sauti za kuzunguka, kana kwamba ni kazi nyingine.

Real World hiyo hiyo ilitoa mwaka 1989 Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila. Dar es Salaam ilimjua Remmy kwanza kwa maneno yake; watu waliujadili wimbo wake kama wanavyoijadili hotuba, wakakubali au wakakasirika. Mnunuzi wa Ulaya, asiyejua Kiswahili, aliipokea santuri ile ile kwa magitaa yake, mdundo wake na uzito wa koo la mwimbaji. Hakuwa na njia nyingine, na hapana haki ya kumlaumu. Lakini miaka 34 baadaye mashabiki wa Gabriel, wanaozungumza Kiingereza kama yeye, walimsikiliza mzee wao kama Mzungu wa mwaka 1989 alivyomsikiliza Remmy. Teknolojia imewafanya wageni katika lugha yao wenyewe.

Hasara yake inaonekana wazi zaidi katika nyimbo za polepole. Playing for Time inahusu wakati unaopita na kumbukumbu zinazobaki, na So Much ni wimbo wa mtu anayeujua ukomo wa siku zake. Zote mbili zinahitaji msikilizaji asiyetafuta kitu cha kushangaza nyuma ya kiti chake. And Still, uliotolewa mwezi mpevu wa tarehe 28 Oktoba, Gabriel aliutunga kumkumbuka mama yake aliyefariki. Baba yake alikwisha kumtungia Father, Son mwaka 2000. Ni wimbo wa maombolezo, na katika mchanganyo wa Ndani kuna jambo linalotokea ambalo halikutokea katika Panopticom. Mwombolezaji naye huketi katikati. Watu humzunguka, sauti humjia kutoka pande zote, za karibu na za chumba cha pili, na yeye hasogei. Kile kiti kimoja, ambacho kwingine ni cha mlinzi au cha mfalme, hapa ni kiti cha mfiwa, na upweke wa msikilizaji haugongani tena na wimbo. Kama uko mahali ambapo toleo la kifahari linajitetea kwa hoja ya fani na maudhui, ni hapa, katika wimbo wa 11 kutolewa, ambao mashabiki wengi waliufikia wakiwa wamekwisha kuchoka kulinganisha.