Kupindua kutoka nusu gadi: jicho lianzie wapi

Ukitaka kujua kama mtu anajua kupindua kutoka nusu gadi, usianze na miguu yake. Tazama sikio. Sikio likiwa limegandamana na mbavu za aliye juu, kazi inaendelea. Kisogo kikiwa kimelala mkekani na macho yanatazama dari, huyo bado anabanwa, hata ahangaike vipi. Miguu huvutia watazamaji kwa sababu ndiyo iliyofunga fundo, lakini fundo hilo kazi yake ni kumchelewesha mpinzani tu. Kinachopindua ni kiuno, na kiuno hakisogei mpaka kichwa kipate mahali.

Nieleze nafasi yenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye ameiona kwenye simu tu. Katika jiu-jitsu ya Kibrazili, aliye chini anayemzuia mpinzani kwa miguu yake miwili yuko kwenye gadi. Mpinzani akipenya kwa mguu mmoja huku wa pili umebaki umenaswa katikati ya mapaja ya aliye chini, hiyo ndiyo nusu gadi. Aliye juu anataka kuung'oa mguu huo, apite, apate pointi 3. Aliye chini anataka wabadilishane nafasi. Akimgeuza mwenzake na kudumu juu kwa sekunde 3, kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, humpa pointi 2.

Kwa miaka mingi hapa palihesabiwa kuwa mahali pa mtu aliyekaribia kushindwa. Mchezo huu umezaliwa na judo, na judo ina shule yake kuu, Kodokan, iliyoanzishwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882. Hadi leo mwamuzi wa judo hukatiza hesabu ya kubanwa pindi aliye chini anapounasa mguu wa aliye juu kwa miguu yake. Kunasa mguu ni kujiokoa. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazil mwaka 1914, ujuzi wake ukaingia katika familia ya Gracie, na huko nako nusu gadi ikabaki kuwa kituo cha kuvuta pumzi kabla ya kurudisha gadi kamili. Aliyeigeuza kuwa silaha ni Roberto Correa, maarufu kama Gordo, mwanafunzi wa chuo cha Gracie Barra huko Rio de Janeiro. Goti lake liliumia, gadi ya kawaida ikamshinda, akabaki kufanyia mazoezi katika nafasi hii ambayo wenzake waliikimbia. Katika miaka ya 1990 alikuwa amejenga mfumo mzima wa kushambulia kutoka chini.

Nimeyaleta haya kwa sababu kipimo cha ubora kimo ndani yake. Aliyenasa mguu ili apumue na aliyenasa mguu ili apindue wanafanana kwa muda mfupi sana wa mwanzo. Kisha wanaachana, na jicho lililofunzwa huona wanapoachana kabla mtu yeyote hajapinduliwa.

Wanaachana kwenye ubavu. Mwenye nia ya kupindua hakubali kulala chali. Tuseme ulionaswa ni mguu wa kushoto wa mpinzani. Aliye chini atalalia ubavu wake wa kushoto, amkabili mwenzake, na mkono wake wa kulia upite chini ya kwapa la kushoto la mpinzani mpaka mgongoni. Mpinzani naye si mjinga. Atapenyeza mkono wake wa kulia chini ya shingo ya aliye chini, aegemeze bega kwenye taya, ausukume uso ugeuke upande wa pili. Uso ukigeuka, mabega yatafuata, na mgongo utarudi mkekani. Pambano lote la nusu gadi liko hapa, katika eneo lisilozidi shubiri mbili kati ya sikio la mmoja na bega la mwingine. Ndiyo maana mkono wa kushoto wa aliye chini, ambao watazamaji wengi hawauangalii kabisa, ndio ninaoupenda kuliko vyote. Kazi yake ni kuzuia msuli wa mkono ule unaotafuta shingo. Fundi hauondoi hapo mpaka kichwa chake kimeshaingia chini ya kifua cha mwenzake. Mwanagenzi huuondoa mapema, kwa haraka ya kwenda kushika goti, na papo hapo uso wake hugeuzwa.

Mkono wa kwapani nao una daraja zake. Kuna ule ulioingia kiwiko tu, ukaning'inia, kiganja kikapapasa hewa nyuma ya bega la mpinzani. Huo ni zawadi kwa aliye juu: ataubana kwa mkono wake kutoka juu, aegemee, na mwenye mkono atalazwa. Na kuna ule ambao bega lenyewe limepanda mpaka kwapani, kifua kimegusana na mbavu, kiganja kimefika chini kuelekea kiunoni au kimevuka hadi ubavu wa mbali. Mkono wa namna hii haumsukumi mtu. Humwinua, na uzito wake ukahama kutoka juu ya aliye chini kwenda kwenye mikono na goti lake mwenyewe. Ukiona aliye juu ameanza kutafuta pa kushika sakafuni, jua mkono wa kwapani umefika.

Hapo ndipo kupindua huanza, na mara nyingi ni jambo fupi. Aliye chini huinuka juu ya kiwiko, kisha magoti, huku kichwa hakijaachana na mbavu. Mkono wa kushoto uliokuwa mlinzi sasa huenda kushika goti la mbali la mpinzani, yaani la kulia. Mkokoteni uliochomolewa gurudumu hulalia upande wa gurudumu hilo, na mtu ni hivyo hivyo: ukilizuia goti lake la kulia lisiende kumwegemeza, kisha ukamsukuma kwa kifua kuelekea kulia, hana njia nyingine ila kuanguka huko. Tazama mwelekeo wa kusukuma. Anayesukuma moja kwa moja mbele anapigana na mifupa ya mwenzake. Anayesukuma kuelekea pembe isiyo na mkono wala goti hahitaji nguvu nyingi. Nikilazimishwa kuchagua dalili moja tu ya kazi safi katika hatua hii, ningechagua hiyo pembe.

Nguvu ndiyo inayodanganya macho ya waamuzi wa barazani kuliko kitu kingine. Njiru, katika Eastlands ya Nairobi, ni mahali pa machimbo ya mawe. Kijana anayeshinda siku nzima na nyundo na patasi, au anayepakia mawe kwenye lori, ana mgongo na mikono ambayo hakuna ukumbi wa mazoezi unaoweza kuiuza. Mlaze chini ya mtu wa uzani wake, aunase mguu, ajikunje, ainue kwa ghafla, na huenda akampindua bila kujua alichofanya. Watu watashangilia. Mimi simnyimi sifa ya nguvu zake, maana amezichuma kwa jasho, lakini hilo bado halijawa jiu-jitsu. Kipimo ni rahisi: mpe mwenzake wa kilo 90 ikiwa yeye ana 65. Ikiwa kichwa, kwapa na pembe vipo, uzito utamchelewesha tu. Ikiwa havipo, kila kitu kitasimama mwanzoni kabisa, na mtaona mapaja yakitetemeka kwa kubana bure. Na kijana huyo wa machimbo akishajifunza kuweka kichwa mahali pake, nguvu zake zitakuwa neema kubwa. Mpangilio tu ndio muhimu: ufundi kwanza.

Sakafu nayo hudanganya kidogo. Si kila mtu ana mikeka halisi ya judo, na vikundi vingi vya mitaani hutandika sponji au magodoro ya zamani na kuvuta turubai juu yake. Si vibaya, mchezo hujifunzwa popote. Lakini anayehukumu ajue kuwa turubai huteleza. Goti la mbali la aliye juu likiteleza lenyewe, kupindua kutaonekana kutamu kuliko kulivyo. Godoro laini lina udhia wa kinyume: aliye chini huzama, kiuno hakipati pa kukanyagia, na fundi mzuri huonekana mzito. Nikiwa natazama mazoezi ya namna hiyo mimi huyaacha matokeo na kurudi kwenye kichwa na mkono wa kushoto. Hivyo viwili havibadilishwi na sakafu.

Zipo njia nyingine za kupindua kutoka hapa, na sitazipitia zote. Iliyo maarufu ni nusu gadi ya kuzama, ambapo aliye chini huingia kabisa chini ya nyonga za mpinzani na kulikumbatia paja. Bernardo Faria wa Brazil, bingwa wa dunia wa uzani wake na wa uzani wa wazi kwa pamoja mwaka 2015, alijenga sehemu kubwa ya jina lake kutokea huko chini. Hii huihukumu kwa kitu kimoja: je, aliyezama anamnyanyua mwenzake kwa nyonga, au amejificha tu asipitwe? Kisha kuna lile fundo la miguu lililoenezwa na Mmarekani Eddie Bravo, la kusokota muundi na kuunyoosha mguu ulionaswa. Bila vazi la gi, pale ambapo hakuna kola wala mkono wa vazi wa kushika na jasho limemwagika, fundo hili husaidia kweli, na ndiyo hali ya mashindano ya ADCC yaliyoanzia Abu Dhabi mwaka 1998. Hata hivyo nimeona wengi wakilifunga na kutulia humo kama wamefika nyumbani. Fundo lisilofuatwa na mkono wa kwapani ni ile nusu gadi ya kale ya kuomba pumzi.

Nimeitaja Abu Dhabi kwa sababu nyingine pia. Vijana wengi wa Eastlands huenda Ghuba kutafuta kazi, na katika Emirati mchezo huu hufundishwa hata shuleni. Anayerudi likizo akiwa ameuona ukifanywa na watoto kwa ustadi huleta jicho jipya mtaani. Msikilizeni, lakini mwekeni mkekani pia.

Sasa mwisho wa tendo, ambao hupuuzwa. Watu wengi hufikiri kupindua kumekwisha mgongo wa mpinzani ukishagusa chini. Kanuni inasema sekunde 3, na kanuni hiyo ina busara. Anayeanguka huwa na kasi, na kasi hiyo inaweza kumrudisha juu. Fundi huanguka pamoja naye, kifua hakiachani na kifua, na kabla vumbi halijatulia mkono wake umeshapita chini ya shingo ya mwenzake na bega limekaa tayani, kitendo kile kile alichofanyiwa yeye mwanzoni. Anayefika juu akiwa amenyoosha mikono, akishangilia moyoni, ataanza kupigania nafasi aliyokwisha kuilipia.

Lipo pia la goti, nami nalisisitiza kwa uzito wote. Mguu ulionaswa ukiwa umesokotwa huku kiwiliwili kikisukumwa upande wa pili, goti ndilo litakalolipa. Mwendesha bodaboda au mpasua mawe akiumia goti, nyumba nzima hukosa chakula. Kupindua safi humpeleka mpinzani upande ambao mguu wake unaweza kufuata, na pale unapokwama, anayepindua hulegeza mapaja. Anayeendelea kusukuma baada ya mwenzake kugonga mkeka, au hata baada ya kumwona akikunja uso, hana daraja lolote kwangu, hata apindue watu kumi mfululizo.

Ukiwa na nafasi ya kumtazama mtu mara mbili, itumie hivi. Akishapindua kwa njia ya kwanza, waanze upya palepale. Safari hii aliye juu anajua kinachokuja. Ataliweka goti la mbali nyuma, ataubana mkono wa kwapani kwa nguvu, na atarudisha uzito wake wote kumlalia aliye chini. Asiyejua atarudia lile lile kwa bidii zaidi, akisukuma ukuta. Anayejua ataipokea ile nguvu, ataacha kusukuma kuelekea kulia, atachomoa bega, atateremka chini ya kifua na kumzungusha mwenzake upande wa pili, kule kule anakojilazimisha kwenda. Mpinzani akiogopa hilo na kupunguza uzito, goti la mbali litakuwa wazi tena, na mkono wa kushoto utakuwa umeshafika hapo.